Ziwa Lililochorwa Mezani

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi wa jiografia, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie namna wanajiografia wanavyokusanya na kufasiri taarifa za mahali. Vitabu vya shule huigawa kazi hiyo katika hatua mbili zinazofuatana: kwanza mtu hukusanya, kisha hufasiri. Mgawanyo huo hurahisisha ufundishaji, nami nimeutumia darasani mara nyingi, lakini kadiri ninavyoendelea na kazi hii ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba haupo. Mtu anapochagua asimame wapi, amuulize nani na aulize kwa neno gani, amekwisha kufasiri, hata kama mwenyewe hajatambua. Badala ya kulieleza jambo hilo kwa maneno matupu, naomba nianze na ramani moja ambayo kila mwanajiografia angepaswa kuikumbuka.

Ramani hiyo ilichapishwa Ulaya katikati ya miaka ya 1850. Ilitoka kwa wamisionari wawili, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, waliokuwa na kituo chao Rabai, karibu na Mombasa. Nchi kubwa waliyoichora hawakuwa wameikanyaga. Walichokifanya ni kuwauliza wafanyabiashara wa misafara, watu waliokuwa wakitoka pwani na kurudi wakiwa na pembe za ndovu, na kuyaandika majibu yao. Waliosafiri kwa njia za kaskazini walisema kwamba ukienda bara siku nyingi utakutana na maji makubwa. Waliopita njia ya kati, kupitia Unyamwezi, walisema hivyohivyo. Walioanzia safari kusini, upande wa Kilwa, nao walitaja maji makubwa. Erhardt akayapanga majibu hayo mezani, akaona kwamba yote yanashuhudia jambo moja, akachora ziwa moja: bahari ya ndani ya nchi yenye umbo la koa, iliyolala kutoka karibu na ikweta hadi mbali kusini.

Leo kila mwanafunzi anajua kwamba pale pana maziwa matatu, Viktoria, Tanganyika na Nyasa, na kati yake pana mamia ya kilomita za nchi kavu. Ninachotaka mkitazame hapa ni kwamba hakuna msafiri hata mmoja aliyedanganya. Kila mmoja aliwaambia alichokiona mwishoni mwa njia yake, na kila mmoja alisema kweli. Kilichokosekana ni habari za nchi iliyo kati ya mwisho wa njia moja na mwisho wa njia nyingine, kwa sababu mfanyabiashara hana haja ya kutembea kando ya ufukwe kutafuta mahali ambapo wenzake hununua bidhaa zao. Nafasi hiyo tupu haikujazwa na shahidi yeyote. Ilijazwa na kalamu. Taarifa zilikuwa sahihi, na ziwa halikuwapo.

Rebmann huyohuyo anatupa upande wa pili wa kisa. Tarehe 11 Mei 1848 aliona kwa macho yake kilele cheupe cha Kilimanjaro, akaandika kwamba ni theluji. Mjini London mwanajiografia William Desborough Cooley, msomi hodari aliyezoea kuijenga ramani ya Afrika kutokana na maandishi ya wengine, alikataa kabisa kwamba theluji inaweza kukaa karibu hivyo na ikweta. Ubishi huo uliendelea kwa miaka mingi, hata baada ya mvumbuzi Mjerumani Karl Klaus von der Decken kufika mlimani mwaka 1861 na tena 1862 na kuithibitisha theluji. Tazameni mzaha wa mambo: mtu mmoja alipingwa kwa alichokiona, kisha akasikilizwa kwa asichokiona. Ramani ya koa ilijadiliwa kwa hamu kubwa, na ikawa miongoni mwa sababu za wavumbuzi Waingereza Burton na Speke kutumwa bara mwaka 1857, safari iliyowafikisha Tanganyika mwaka uliofuata na kumfikisha Speke kwenye ufukwe wa kusini wa Viktoria. Kwa hiyo ramani mbovu ilizaa maarifa mazuri, jambo linalotokea katika sayansi mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri.

Nimekaa na kisa hiki kwa sababu makosa yote mawili yanaishi nasi bado. Kosa la kwanza ni kuunganisha mno, yaani kuchukua majibu yanayofanana na kuyafanya kitu kimoja. Kosa la pili ni kukataa jibu kwa kuwa halikubaliani na nadharia tuliyonayo. Waswahili husema akili za kuambiwa changanya na zako, na ushauri huo ni mzuri, ila kwa mwanajiografia una hatari yake: Erhardt alichanganya na zake, na Cooley pia alichanganya na zake.

Sasa tuje kwenye kazi ya uwandani. Mwanajiografia akiwa uwandani hufanya mambo matatu: hutazama, hupima, na huuliza. Kutazama kunaonekana ni rahisi, lakini mtu huona kile alichofundishwa kukiona, na huona tu pale njia inapompeleka. Robert Chambers, mtafiti aliyeandika sana kuhusu uchunguzi wa maisha ya vijijini, alionyesha kwamba wageni wengi wa kitaalamu huziona sehemu zilizo kando ya barabara, katika msimu wa kiangazi ambapo gari hupita bila kukwama, nao huzungumza zaidi na wanaume na viongozi. Wakirudi huandika ripoti kuhusu eneo zima. Lakini msimu wa mvua, ambao ndio mara nyingi huleta njaa na maradhi, haumo ndani ya ripoti hiyo, wala nyumba zilizo mbali na barabara hazimo. Hakuna takwimu ya uongo ndani yake, ila ramani ya umaskini inayotokana nayo itakuwa ni ramani ya barabara iliyopewa jina jingine.

Kuuliza nako kuna mitego yake, na mtego ninaoupenda kuliko yote ni ule wa majina. Mgeni hufika mtoni, humwonyesha mwenyeji maji kwa kidole, na kumuuliza yanaitwaje. Mwenyeji humjibu kwa uungwana: mto. Uingereza ina mito kadhaa iitwayo Avon, na neno hilo asili yake ni neno la Kikelti lenye maana ya mto. Chad ni neno la maji mengi yaliyotanda. Nyasa na Nyanza ni maneno ya jumla ya ziwa au maji makubwa, kwa hiyo anayesema Ziwa Nyasa amesema ziwa mara mbili. Mkusanyaji asiyelijua hilo anaweza kulisikia neno moja katika sehemu mbili zilizo mbalimbali akadhani anaambiwa habari za ziwa moja, au akaandika majina matano ya mto mmoja akidhani ni mito mitano, kwa kuwa wakazi wa kila sehemu ya mto wana jina lao na hawana sababu ya kulijua la wenzao walio siku kumi chini ya mkondo. Ndiyo maana daftari la uwandani halitakiwi kuandika jina peke yake. Liandike nani alilisema, kwa lugha gani, akiwa amesimama wapi, na alikuwa anaonyesha nini hasa.

Wanajiografia wa zamani waliofanya kazi kwa masimulizi hawakuwa wajinga wa mambo haya. Al-Idrisi, aliyemaliza kazi yake kuu mwaka 1154 katika kasri la Mfalme Roger wa Pili wa Sisilia, aliikusanya dunia yake kwa kuwahoji wasafiri kwa miaka mingi na kuyalinganisha maelezo yao na maandishi ya waliotangulia. Ramani zake ziliweka kusini juu. Wanafunzi wakiziona kwa mara ya kwanza hudhani zimepinduliwa, na mimi huwauliza ni nani aliyewaambia kwamba kaskazini iko juu.

Kuhusu kupima, wengi hudhani kwamba hapo angalau tuko salama, kwa sababu namba haina maoni. Nitawapa mfano wa Everest, mlima mrefu kuliko yote. Katika upimaji mkuu wa India wa karne ya 19, wapimaji waliutazama mlima huo kutoka tambarare, kwa umbali wa zaidi ya kilomita 150, wakipima pembe kutoka vituo mbalimbali na kukokotoa kwa njia ya pembetatu, huku wakisahihisha kupinda kwa mwanga ndani ya hewa na mviringo wa dunia yenyewe. Radhanath Sikdar, mtaalamu wa hesabu kutoka Bengali, anatajwa kuwa ndiye aliyetambua mwaka 1852 kwamba kilele hicho kinavizidi vingine vyote, na mwaka 1856 kikatangazwa kuwa na futi 29,002, yaani karibu mita 8,840. Mwaka 2020 China na Nepali zilitangaza kwa pamoja urefu wa mita 8,848.86. Watu waliotazama kwa darubini kutoka tambarare, bila kukanyaga hata mwanzo wa mlima, walikosea kwa mita tisa hivi. Binafsi kila nikiifikiria hesabu hiyo huvua kofia.

Lakini kati ya tarakimu hizo mbili pana ya tatu. Mwaka 2005 wapimaji wa China walitoa mita 8,844.43, na kwa miaka kadhaa nchi hizo jirani zilikuwa na namba mbili za mlima mmoja. Hapakuwa na aliyekosea kupima. China ilikuwa imehesabu mwamba, na Nepali ilitaka ihesabiwe pia theluji iliyo juu ya mwamba. Kabla ya kupima mlima ni lazima mkubaliane mlima unaishia wapi, na swali hilo halina chombo cha kulipima. Hata mwanzo wake una utata. Tunasema kutoka usawa wa bahari, nayo bahari iko mamia ya kilomita kutoka hapo, hivyo usawa wake inabidi ukokotolewe chini ya milima kutokana na nguvu ya mvutano wa dunia. Vipokezi vya satelaiti, kama vilivyomo ndani ya simu, kwanza hukokotoa urefu kutoka kwenye umbo la kihesabu la dunia, na umbo hilo linaweza kutofautiana na usawa halisi wa bahari kwa makumi ya mita, na mahali pengine kufikia karibu mita 100. Mtu akiniletea kimo cha mahali bila kuniambia kimepimwa kutoka wapi, ameniletea nusu ya taarifa.

Lipo pia suala la skeli, ambalo wanafunzi hulijua kama hesabu ya kugeuza sentimita kuwa kilomita na kuishia hapo. Lewis Fry Richardson, mwanasayansi wa Uingereza, aligundua kwamba mpaka kati ya Hispania na Ureno ulikuwa umechapishwa na nchi moja kuwa kilomita 987 na nchi nyingine kuwa kilomita 1,214. Tofauti hiyo haikutokana na ugomvi wa ardhi. Inatokana na hatua ya mpimaji: ukiufuata mpaka kwa hatua ndefu unakata kona, na ukiufuata kwa hatua fupi unaingia katika kila kona, na urefu unaongezeka. Pwani yenye ghuba na miamba ndivyo ilivyo, na kadiri unavyoikaribia ndivyo inavyorefuka. Kwa hiyo swali la pwani ya nchi fulani ina urefu gani halina jibu moja mpaka useme unapima kwa hatua gani, na jedwali lililopanga nchi kwa urefu wa pwani bila kusema hatua iliyotumika halifai kutegemewa.

Naingia sasa kwenye satelaiti, kwa kuwa najua vijana waliomo humu wanaisubiri sehemu hii, na wengine wanajiuliza kama bado kuna haja ya kuchafua viatu. Satelaiti ya kwanza ya mfululizo wa Landsat ilirushwa na Marekani tarehe 23 Julai 1972. Kila kipande cha picha yake, tunachokiita pikseli, kilibeba eneo la mita 80 hivi kwa upande. Landsat za sasa hutoa mita 30 kwa sehemu kubwa ya vipimo vyake, na satelaiti za Ulaya za Sentinel-2 hufikia mita 10. Tangu mwaka 2008 hazina ya Landsat inapatikana bure, na uamuzi huo wa kiofisi ulibadilisha kazi yetu kuliko kifaa chochote kipya, kwa sababu mtafiti asiye na fedha aliweza ghafla kuitazama historia ya ardhi ya miongo mingi.

Chombo hicho hakipigi picha kama kamera ya harusi. Hupima kiasi cha mwanga unaorudi kutoka ardhini katika rangi mbalimbali, zikiwemo zile ambazo jicho la mtu haliwezi kuziona. Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu kwa klorofili yake na kuurudisha kwa wingi ule wa infraredi ya karibu. Udongo mtupu haufanyi hivyo, na maji hunyonya karibu infraredi yote. Kutokana na tofauti hizo mchambuzi hukokotoa wingi wa uoto, pikseli kwa pikseli. Kwa desturi ya muda mrefu infraredi hupewa rangi nyekundu kwenye picha, hivyo msitu mnene huonekana mwekundu kama damu, na mtazamaji mgeni hudhani nchi inaungua.

Ugumu hauko katika rangi, kwani rangi mtu huizoea kwa wiki moja. Ugumu uko katika kuvuka kutoka kwenye mwanga kwenda kwenye maana. Magugu maji yaliyotanda juu ya ziwa yanarudisha infraredi vizuri sana, na hesabu itayapa alama nzuri kama ya shamba lililostawi, ilhali kwa mvuvi ni balaa. Kipande cha ardhi kisicho na mazao kinaweza kuwa shamba lililopumzishwa kwa makusudi, malisho ya msimu, ardhi yenye kesi ambayo hakuna anayethubutu kuilima, au ardhi iliyochoka kweli. Yote manne yanaweza kutoa mwanga uleule siku ileile. Nimewahi kukaa na picha ya eneo nikaandika kwa kujiamini kwamba ni ardhi iliyoharibika, kisha nikafika na kuelezwa na mzee mmoja, kwa utulivu uliozidi kunifedhehesha, kwamba ni njia ya mifugo na wameilinda isilimwe tangu enzi za babu zake. Niliporudi kwenye picha, ile njia ilikuwa inaonekana wazi. Ilikuwa ikionekana tangu mwanzo.

Kwa hiyo jibu langu kwa wanaouliza kuhusu viatu ni hili: uchambuzi wowote wa picha za satelaiti unaofanywa kwa uangalifu unahitaji sampuli za ardhini, sehemu zilizotembelewa na kuthibitishwa, ili kompyuta ifundishwe na kisha isahihishwe. Baada ya hapo huandaliwa jedwali linalolinganisha kile ramani ilichosema na kile kilichokutwa, sehemu kwa sehemu. Nawasihi muanze kusoma ripoti kutoka kwenye jedwali hilo. Ramani yenye usahihi wa jumla wa asilimia 90 inaweza kuwa imepatia misitu yote na kukosea karibu kila bwawa dogo, na kama utafiti wako ni wa mabwawa, ile 90 haikuhusu.

Na hata picha ikiwa sahihi, sababu ya kinachoonekana mara nyingi iko nje ya fremu. Bahari ya Aral, iliyokuwa na ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,000 mwaka 1960, inaonekana katika picha za miongo iliyofuata ikinywea, ikigawanyika, na mwaka 2014 bonde lake la mashariki likakauka kabisa. Ukizitazama picha za ziwa peke yake unaweza kutunga simulizi zuri la ukame. Sababu kuu ilikuwa mbali juu ya mikondo ya mito Amu Darya na Syr Darya, katika mifereji iliyochukua maji kwenda kumwagilia mashamba ya pamba, na nyuma ya mifereji hiyo kulikuwa na mipango ya uchumi ya Umoja wa Kisovieti iliyoandikwa kwenye karatasi. Anayetaka kueleza mahali hulazimika kusoma vyote viwili, picha na karatasi.

Kuna taarifa nyingine ambazo hazionekani kutoka angani kabisa: magonjwa, mapato, elimu, uhamaji. Hizi hutoka kwenye sensa, hojaji na rejista, na hupangwa kwa maeneo. Kisa kinachosimuliwa kila mwaka darasani ni cha John Snow na kipindupindu cha Soho, London, mwaka 1854. Husimuliwa hivi: daktari aliweka alama ya kila kifo kwenye ramani, alama zikajikusanya kuzunguka bomba la maji la mtaa wa Broad, akaelewa. Kisa hicho ni kizuri lakini kimekatwa kichwa. Snow alikwisha kushuku maji kabla ya mlipuko huo, mpini wa bomba uliondolewa tarehe 8 Septemba, na ramani yake maarufu ilichapishwa baadaye, kama njia ya kuwaonyesha wengine hoja yake. Zaidi ya hayo, mkusanyiko wa alama peke yake haukuweza kumshinda mpinzani, kwa kuwa waliosema kwamba ugonjwa unaletwa na hewa chafu wangeweza kusema kwamba hewa ya pale ndiyo iliyokuwa chafu zaidi.

Kilichoipa hoja nguvu ni wale ambao hawakufuata mpangilio. Karibu na bomba palikuwa na kiwanda cha bia chenye wafanyakazi zaidi ya 70, na hakuna aliyekufa kwa kipindupindu, kwa sababu walikuwa na kisima chao na walipewa bia. Palikuwa na nyumba ya maskini yenye watu 535, wakafa watano tu, nao pia walikuwa na maji yao. Na mbali kabisa, Hampstead, alikufa mjane mmoja ambaye hewa ya Soho haikumfikia, lakini aliyapenda maji ya bomba lile na alikuwa akiletewa. Hewa haiwezi kumruka mfanyakazi wa kiwanda cha bia na kumfuata mjane nje ya mtaa. Snow aliwapata watu hawa kwa kubisha hodi na kuuliza, na mchungaji Henry Whitehead, aliyeanza akitaka kumpinga, alipita nyumba kwa nyumba hadi naye akakubali. Kwa hiyo nikimwona mwanafunzi anafurahia alama zilizojikusanya pamoja, humwomba anionyeshe zile zilizokaa peke yake.

Suala la mipaka ya maeneo nitalipitia haraka, ingawa lingestahili hotuba yake. Takwimu za watu hukusanywa mmoja mmoja lakini huchapishwa kwa kata, wilaya na mikoa. Ukiisogeza mipaka hiyo, au ukiziunganisha wilaya ndogo kuwa kubwa, uhusiano kati ya mambo mawili unaweza kuongezeka, kupungua, hata kugeuka, bila mtu yeyote kuhama nyumba yake. Mwanasosholojia William Robinson alionyesha mwaka 1950 kwa takwimu za Marekani kwamba majimbo yenye wahamiaji wengi wazaliwa wa nje yalikuwa na watu wengi zaidi wanaojua kusoma, ilhali wahamiaji wenyewe, mmoja mmoja, walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kujua kusoma kuliko wazawa. Hawakuyafanya majimbo yasome. Walihamia tu kwenye majimbo ambayo wenyeji wake walikuwa wakisoma. Anayehukumu mtu kwa wastani wa wilaya yake anarudia kosa hilo.

Namna ya kuchora matokeo nayo inaweza kupotosha. Mfano unaojulikana ni ramani ya Mercator ya mwaka 1569, iliyotengenezwa kwa ajili ya mabaharia na inayowafaa kweli, kwa kuwa mstari ulionyooka juu yake ni mwelekeo mmoja wa dira. Iliponing'inizwa ukutani darasani, kazi ambayo haikutengenezewa, iliwafundisha watoto kwamba Grinlandi inalingana na Afrika, wakati Afrika ni kubwa mara 14 hivi. Mercator hana lawama. Wa kulaumiwa ni aliyeichukua taarifa kutoka kwenye matumizi yake na kuipeleka kwenye matumizi mengine bila kuuliza ilipimwa kwa ajili ya nini.

Na hilo linanifikisha kwenye jambo linalonitia wasiwasi zaidi kwa sasa, ambalo si uhaba wa taarifa bali ni wepesi wa kuzinakili. Mwaka 1876 meli ya wavuvi wa nyangumi iitwayo Velocity ilitoa taarifa za kisiwa chenye mchanga katika Bahari ya Matumbawe, kati ya Australia na Kaledonia Mpya. Kisiwa kikaingia kwenye ramani za baharini. Ramani zikanakiliwa, kisha zikageuzwa kuwa data za kompyuta, na data hizo zikaingia katika ramani za pwani za dunia nzima zinazotumiwa na watafiti na watu wa kawaida kwenye intaneti. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja; lakini hili halikuwapo wala halikuja. Idara ya ramani za baharini ya Ufaransa ilikwisha kukifuta katika miaka ya 1970, na taarifa hiyo haikusafiri kwa kasi ileile iliyosafiri kosa. Wachoraji wa ramani za baharini wana desturi moja ambayo naitamani sana katika ramani zetu za nchi kavu: kitu kilichoripotiwa lakini hakijathibitishwa hupewa alama ya kufupisha maneno kwamba kuwapo kwake kuna shaka, na alama hiyo hubaki pale, mbele ya macho ya nahodha, mpaka mtu aende kutazama. Kwenye data nyingi tunazopakua leo, pikseli iliyothibitishwa na pikseli iliyokisiwa zina rangi moja.

Novemba 2012 meli ya utafiti ya Australia, Southern Surveyor, ilipita eneo hilo ikiwa na wanajiolojia waliokuwa na kazi nyingine kabisa. Waligundua kwamba ramani walizokuwa nazo hazikubaliani: baadhi zilionyesha kisiwa, na nyingine zilionyesha maji marefu. Nahodha akawa mwangalifu, kama inavyompasa mtu anayeweza kupanda mwamba na meli ya watu. Wakasogea hadi pale palipotakiwa kuwa na ufukwe, wakaingia ndani ya kisiwa, na kipima kina kikaendelea kusoma zaidi ya mita 1,300 za maji.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Niko tayari kwa maswali.